Mbwa wa Kituo Akifika Nyumbani: Mwongozo wa Wiki za Kwanza

Mtu akichukua mbwa kwenye kituo cha kuokoa wanyama, wiki haiishi kabla hajanipigia simu. Maswali ni yale yale. Mbona hali chakula? Mbona tangu jana yuko chini ya gari, hataki kutoka? Nimfunge mnyororo asikimbie? Ataanza kulinda lini? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa siku zenyewe zinavyokuja.

Ninayemzungumzia hapa ni mbwa aliyeokolewa: mbwa koko aliyeokotwa sokoni, aliyegongwa na gari akatibiwa, au aliyetolewa kwa mtu aliyekuwa akimtesa. Sasa anaingia kwenye nyumba ya kawaida ya huku kwetu, yenye geti, ua, watu wengi na majirani wa karibu. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: wiki za kwanza kazi yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Wanaoharibu, wengi wao huharibu kwa kufanya mengi mno.

Vituo vingi hutumia kanuni ya tatu-tatu-tatu. Siku 3 za mshtuko, wiki 3 za kuzoea ratiba ya nyumba, miezi 3 mpaka ajione yuko kwake. Si hesabu ya kushikilia sana, maana mwingine huwahi na mwingine huchukua nusu mwaka. Faida yake ni kwamba siku ya 4 hutakata tamaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujamleta

- Mkanda wa shingoni unaokaa sawasawa. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Ukiweza kupitisha mkono mzima, mbwa akirudi nyuma kwa nguvu utabaki umeshika mkanda mtupu. Andika namba yako ya simu juu yake kwa wino usiofutika.
- Kamba ya utepe mpana, ya mita 2 hivi. Ya nailoni ya kuanikia nguo itakukata viganja siku atakayoona paka.
- Bakuli mbili nzito, moja ya maji na moja ya chakula. Ziwe zake peke yake, na zioshwe mbali na vyombo vya watu.
- Mahali pake: kona ya baraza, stoo au jikoni, isiyopitwapitwa na watu wala kunyeshewa. Tandika gunia safi au blanketi kuukuu. Boksi kubwa lililolazwa ubavu linafaa sana kwa mbwa mwoga.
- Chakula kile kile alichokuwa akila kituoni, cha kutosha wiki moja. Uliza kabla hujaondoka.
- Kadi ya chanjo. Ukichukua mbwa kwenye kituo kama cha KSPCA, shirika la kutunza wanyama la Kenya, au popote pengine, soma kadi hapo hapo: chanjo ya kichaa cha mbwa ilitolewa lini, dawa ya minyoo lini, amehasiwa au bado.
- Namba ya daktari wa mifugo anayetibu mbwa. Wapo wanaojua ng'ombe na kuku tu, na watakwambia wenyewe ukiwauliza.
- Siki na matambara ya kufutia mkojo.

Halafu zunguka ua wako kwa miguu. Tazama chini ya geti. Kichwa kikipita, mbwa mwembamba wa kienyeji atapita mzima. Kama uzio ni wa michongoma, inama uangalie shinani, maana juu unaonekana umefungamana wakati chini kuna njia ya kuku na paka iliyochongwa miaka. Ondoa sumu ya panya yote. Kuweka juu ya kabati hakutoshi, kwa sababu panya aliyekwisha kuila akifa uani, mbwa atamwokota.

Mwisho, kaa na watu wa nyumbani. Nani atamlisha? Nani atamtoa asubuhi? Dada wa kazi akiwa anaogopa mbwa, usimlazimishe wala usimcheke. Panga mbwa asiachwe naye peke yake mpaka yeye mwenyewe atakapotaka.

Hatua ya 1: Mlete asubuhi, na geti lifungwe kwanza

Chagua siku ambayo kesho yake huendi kazini. Asipewe chakula kwa saa chache kabla ya safari, kwa kuwa wengi hawajawahi kupanda gari na watatapika. Kama huna gari, bajaji inafaa akiwa kwenye kamba miguuni pako. Usimtie kwenye gunia juu ya bodaboda. Hiyo safari ataikumbuka, na wewe ndiye atakayekukumbuka nayo.

Geti ndipo wengi wanapopotelea. Mbwa hufunguliwa mlango wa gari akiwa hana kamba, geti bado liko wazi, na mlinzi anapiga mluzi kwa furaha. Anatoka mbio kwenye mtaa asioujua hata harufu. Kwa hiyo kamba ifungwe mkononi kabla mlango haujafunguliwa, gari liingie, geti lifungwe kwa komeo, ndipo ashuke.

Hatua ya 2: Anuse ua, halafu aonyeshwe mahali pake

Mtembeze taratibu kwa kamba kuzunguka ua. Anuse anachotaka kunusa. Akikojoa, msifu kwa sauti ya chini na ukumbuke mahali hapo, maana ndipo utakapomrudisha kila mara. Kisha mpeleke kwenye kona yake, mwonyeshe maji, keti hatua chache kando, unyamaze.

Wageni wasije. Najua watoto wa jirani wameshapanda ukuta na shemeji anataka picha. Waambie waje baada ya wiki.

Hatua ya 3: Siku tatu za kumwacha

Hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kazi ya kujizuia. Atajificha. Atalala usingizi mzito mchana kutwa kisha ahangaike usiku. Pengine hatabweka hata mara moja, nawe useme umepewa mbwa bubu. Mwache.

Mtazame kwa makini lakini usimkodolee macho. Utaona jambo ambalo karibu kila mbwa wa mitaani wa huku kwetu analo: ukiinama kuokota kitu chini, hata kijiko kilichodondoka, anarukia pembeni au anajikunyata, masikio yamelala na mkia uko tumboni. Amerushiwa mawe maisha yake yote, na kwake mtu anayeinama anaokota jiwe. Ufagio wa chelewa nao hivyo hivyo, na buti za mvua, na fimbo ya mzee anayetembea zake tu. Kwa hiyo siku hizi za kwanza chuchumaa polepole badala ya kuinama ghafla, na fagia ua akiwa upande mwingine.

Akikusogelea, usimpapase kichwani. Mkono unaoshuka kutoka juu ndio uliokuwa ukimpiga. Kaa chini umpe ubavu, mkono uwe wazi karibu na ardhi, anuse. Ukimgusa, anza na kifua au bega, sekunde mbili tatu, kisha toa mkono. Akijisogeza tena, endelea. Akibaki alipo, basi inatosha kwa leo.

Jifunze ishara zake za kusema "nimechoka nawe": kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo akiwa hana usingizi, kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, kuganda ghafla kama amesahau kupumua. Ukiziona, rudi nyuma.

Na akinguruma usimpige. Kunguruma ni onyo, nalo ni jambo jema kwako. Mbwa anayepigwa kila akinguruma hujifunza kuacha kunguruma, na siku nyingine atauma bila taarifa.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza

Atalia. Mbwa wa kituo amezoea kulala akisikia pumzi za wenzake, na leo yuko peke yake. Usiku wa kwanza mpaka wa tatu mweke mahali anapoweza kukusikia, hata kama ni nje ya mlango wa chumba chako, kisha umsogeze taratibu hadi pale unapotaka alale. Mtoe kukojoa kabla hujalala. Akilia, mwambie neno moja la upole ulale. Ukitoka na kandambili mkononi kumtisha, unamfundisha kwamba giza la nyumba hii lina mtu mkali.

Hatua ya 5: Chakula kidogo, mara nyingi, saa zile zile

Mbwa aliyekonda usimlipe njaa ya miaka kwa siku moja. Sufuria zima la ugali na utumbo litamharisha, na kwa aliyekonda sana laweza hata kumdhuru. Mlishe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, wiki ya kwanza. Baada ya hapo mara mbili zinatosha kwa mbwa mzima.

Chakula cha kituoni kibadilishwe pole pole kwa siku 7 hadi 10, robo kwa robo. Ukipika nyumbani, uji mzito wa dona wenye dagaa (omena kwa wenzetu wa Kenya), utumbo au vichwa vya kuku vilivyosagwa ni chakula kizuri, ilimradi nyama au samaki wawe sehemu ya kweli ya chakula, si harufu tu. Dagaa wanaouzwa kwa ajili ya kuku huja na mchanga. Waoshe mpaka maji yawe meupe. Usitie chumvi.

Visivyoruhusiwa: vitunguu vya aina zote, chokoleti, zabibu, karanga za makadamia, na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha. Lakini linaloua mbwa kimya kimya huku kwetu ni unga wa mahindi yenye ukungu. Watu husema "haya hayafai kwa watu, mpikie mbwa". Mahindi hayo huwa na sumukuvu, nayo huharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la mtu, na kuipika hakuiondoi. Unga usioula wewe, naye asile.

Hatua ya 6: Mpeleke kwa daktari wiki ya kwanza

Hata kama kadi imejaa mihuri. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na kurudiwa kama daktari atakavyokwambia, mara nyingi kila mwaka. Serikali nyingi za mitaa huendesha chanjo ya bure au ya bei nafuu kuzunguka Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, kwa hiyo sikiliza matangazo ya mtaani kwako. Ulizia pia leseni, kwani maeneo mengine huitaka.

Mwambie daktari aangalie kupe ndani ya masikio na kati ya vidole, funza kwenye nyayo, na rangi ya fizi. Kama hajahasiwa au kufungwa kizazi, panga tarehe akishatulia na kunenepa kidogo.

Onyo kuhusu dawa. Usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kipimo cha kukisia. Mbwa wengi wamekufa hivyo, wakitetemeka na kutokwa mate. Usimpe dawa zako za maumivu: paracetamol, ibuprofen na diclofenac zinaweza kumuua. Na kama una paka, soma pakiti ya dawa ya kupe kabla hujainunua. Zenye kiua wadudu kiitwacho permethrin mbwa anazistahimili, lakini paka zinamuua.

Hatua ya 7: Haja, jina na kamba

Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, na kabla ya kulala. Akifanya haja nje, msifu papo hapo. Akikojoa ndani, futa kwa maji na siki, basi. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kukojoa mafichoni. Mbwa wa mitaani aliyekomaa hujifunza jambo hili upesi, pengine kuliko mtoto wa mbwa wa bei mbaya, kwa sababu hapendi kuchafua anapolala.

Jina liwe fupi. Liite unapompa chakula tu, siku za mwanzo, na kamwe usiliite ili umgombeze. Mtaani kwetu kina Simba na Tommy ni wengi kiasi kwamba ukiita geti lako wanageuka wanne, lakini hilo ni shauri lako.

Matembezi ya nje ya geti yasubiri mpaka ale vizuri na akufuate uani. Anzeni alfajiri, kabla bodaboda hazijajaa. Mita mia mbili zinatosha.

Hatua ya 8: Watoto, wanyama wengine, majirani

Watoto wawe na sheria mbili: hakuna kumgusa akila wala akilala, na yeye ndiye anayekwenda kwa mtoto, si mtoto kwake. Mtoto mdogo asiachwe naye bila mtu mzima, hata akiwa mbwa mpole kiasi gani.

Kama una mbwa mwingine, wakutane nje ya geti, kila mmoja kwenye kamba yake, mkitembea upande mmoja na nafasi kati yao. Wakiingia ndani, wale mbalimbali. Kuku mwonyeshe akiwa kwenye kamba, kwa wiki nzima ikibidi. Mbwa aliyekwisha kuonja kuku mmoja ni kesi ndefu.

Majirani wa Kiislamu watembelee kabla hawajalalamika. Wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Kufuga mbwa wa ulinzi hakukatazwi, ila jirani anayekwenda msikitini na kanzu safi hataki pua ya mbwa wako kwenye pindo lake. Mshike kamba fupi saa za swala, usimpitishe mbele ya baraza yao, na amani itakuwepo.

Hatua ya 9: Kumzoesha kubaki peke yake

Toka geti dakika tano, urudi bila shangwe. Kesho kumi na tano. Halafu nusu saa, halafu asubuhi nzima. Ukikaa naye likizo yote kisha Jumatatu ukapotea kwa muda wa saa kumi nzima, atakula mlango.

Kuhusu mnyororo na ulinzi

Hili lina kichwa chake kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Kuna imani kwamba mbwa akifungwa mchana kutwa huwa mkali usiku. Kweli huwa mkali, lakini kwa watoto wako na mgeni wako pia, kwa sababu hajui mtu ila kwa kivuli kinachopita mbali. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anapoogopa, kwa hiyo kinachobaki ni meno. Kama ni lazima kumzuia kwa muda, jenga banda lenye nafasi ya kutembea na kivuli.

Kulinda hakufundishwi kwa kumchokoza. Akishajua harufu ya watu wa nyumba na sauti ya kawaida ya mtaa, yeye mwenyewe ataanza kubweka kwa kisicho cha kawaida. Kwa wengi hilo huja kati ya wiki ya tatu na mwezi wa pili.

Matatizo yanayojitokeza

Hali chakula kabisa. Siku ya kwanza ni kawaida. Acha bakuli dakika ishirini, uondoke, kisha uliondoe. Mrudishie usiku, maana wengi hula nyumba ikilala. Akipitisha siku mbili bila kula, au akikataa hata maji, mwone daktari. Mtoto wa mbwa usimsubirie hata siku moja.

Anaharisha. Kinyesi laini siku chache, akiwa mchangamfu, mara nyingi ni mabadiliko ya chakula. Kuharisha damu na kutapika, hasa kwa mbwa mchanga, huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Amelegea, ana joto, fizi nyeupe. Fikiria homa ya kupe. Inatibika ikiwahiwa.

Damu inadondoka sehemu za siri, dume au jike. Kwa mbwa wa mitaani yaweza kuwa uvimbe unaoambukizwa kwa kujamiiana. Unatisha kuutazama, lakini kwa kawaida hupona vizuri kwa sindano za wiki kadhaa.

Ananguruma karibu na bakuli. Usimnyang'anye "ajue nani bosi". Pita mbali kidogo ukimrushia kipande kitamu, uende zako. Baada ya siku nyingi ataanza kufurahi akikuona unakaribia.

Anabweka usiku kucha. Angalia kwanza kama ana sababu, kama baridi, mkojo au paka ukutani. Mchoshe jioni kwa matembezi. Wakibweka mbwa wote wa mtaa, ujue hata wewe huwezi kumzuia. Mwingize ndani usiku huo. Mkesha wa mwaka mpya na siku za radi awe ndani bila mjadala, mlango umefungwa.

Amemuuma mtu. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mara moja, kisha hospitali kwa chanjo. Msipake pilipili, mafuta wala dawa ya kienyeji. Mtu asisubiri kuona kama ataugua, kwa kuwa dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mbwa asiuawe, afungiwe na kuangaliwa siku 10 chini ya daktari wa mifugo.

Tabia imebadilika ghafla: anatokwa udenda, hawezi kumeza, anang'ata hewa au vijiti, sauti imekuwa nzito. Huenda ni kichaa cha mbwa. Usimguse, usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Fungia mlango na uite ofisi ya mifugo.

Ametoroka. Usimkimbize wala usikusanye kundi la vijana wa kumkimbiza. Waambie walinzi wa mageti na waendesha bodaboda wa kijiwe cha karibu, ndio wanaoona kila kitu saa za usiku. Weka blanketi lake na bakuli nje ya geti. Mtafute alfajiri, na ukimwona keti chini ukimpa mgongo nusu, na chakula kando yako.

Imeshindikana. Hutokea: mtoto ana pumu, mwenye nyumba amekataa, mbwa na mbwa wameshindwa kabisa kupatana. Piga simu kituo ulikomchukua na uwaambie ukweli wote, hasa kama ameuma, ili wajue wampeleke wapi. Mrudishe na kadi yake, blanketi lake lisilofuliwa, na karatasi yenye saa zake za kula.